Nyenzo Huria za Elimu: Je, Kitabu Kimoja Chaweza Kuwatosha Wote?

Mwanzoni mwa kila muhula, katika mitaa inayozunguka vyuo vya Dar es Salaam, vibanda vya fotokopi hujaa watu. Mwanafunzi mmoja huja na kitabu alichoazima maktaba kwa saa chache, na wenzake husubiri nyuma yake. Mashine hupitisha mwanga wake, karatasi hutoka zikiwa bado na joto, na sura moja ya kitabu huwa mali ya kundi zima. Nakala hizo, pamoja na vitini vya wakufunzi, wanafunzi wameziita "madesa". Asiye na fedha za kununua desa huazima la mwenzake jioni, akalisoma usiku, na asubuhi akalirudisha.

Mambo haya yamezoeleka hata yakaonekana kuwa ni sehemu ya masomo yenyewe. Hata hivyo, ndani yake mna maswali mawili yenye uzito. La kwanza ni la kiuchumi: kwa nini maarifa yaliyokwisha kuandikwa, tena mara nyingi kwa fedha za umma, yamfikie mwanafunzi kwa taabu namna hii? La pili ni la kisheria: ni nani aliyetoa ruhusa ya kunakili? Makala haya yanaeleza jibu moja ambalo vyuo vingi duniani vimelitoa katika karne hii, yaani nyenzo huria za elimu, na kuonyesha kwa nini jibu hilo lingefaa kutafutiwa nafasi katika vyuo vya aina ya kile kilichoko Kipawa.

Kipawa na elimu ya mbali

Kipawa ni kata ya wilaya ya Ilala, kando ya Barabara ya Nyerere, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Humo kimo kituo cha teknolojia ya habari na mawasiliano (TEHAMA) cha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo wengi huijua kwa jina la VETA. Mamlaka hiyo iliundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994. Mwaka 2016 VETA, kwa kushirikiana na kampuni ya simu ya Airtel, ilianzisha mpango wa VSOMO. Mwanafunzi alilipa ada, akasoma nadharia ya ufundi kwa simu yake ya mkononi popote alipo, kisha akaenda katika chuo cha VETA kufanya mafunzo ya vitendo.

Mpango huo ulithibitisha jambo moja kubwa: kwamba somo la ufundi laweza kusafiri ndani ya simu. Lakini kusafiri kwa somo ni jambo moja, na uhuria wake ni jambo jingine. Kadhalika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na chenye makao yake makuu Kinondoni, kiliitwa "huria" kwa sababu kilifungua mlango kwa watu wasioweza kuacha kazi na makazi yao ili wakakae bwenini. Hapo kinachofunguliwa ni mlango wa chuo. Katika nyenzo huria, kinachofunguliwa ni kitabu chenyewe.

Maana ya nyenzo huria

Jina hili lilitolewa katika mkutano ulioitishwa na UNESCO mjini Paris mwaka 2002. Nyenzo huria ni vitabu, vitini, michoro, mazoezi, filamu au programu za kompyuta za kufundishia, ambazo ama hazina hakimiliki tena, ama mwenye hakimiliki ametoa ruhusa ya wazi na ya kudumu ili mtu yeyote azitumie. Mwalimu David Wiley wa Marekani, mmoja wa waasisi wa fikra hii, ameueleza uhuru huo kwa vitendo vitano: kuihifadhi nakala, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine, na kuigawa kwa wengine.

Yafaa ieleweke kwamba bei si kipimo cha uhuria. Kitabu chaweza kusomwa bure na bado kisiwe huria. Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa mfano, imefungua maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Hiyo ni huduma kubwa kwa shule zenye uhaba wa vitabu. Hata hivyo, ruhusa ya kusoma haimpi mwalimu ruhusa ya kubadili sura ya tatu ilingane na mazingira ya wanafunzi wake, wala ya kuichapa upya na kuigawa. Ruhusa ya namna hiyo hutolewa na mwenye haki, tena kwa maandishi.

Sababu iko katika sheria. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni Na. 7 ya mwaka 1999. Chini ya Mkataba wa Berne, maandishi hupata ulinzi mara tu yanapoandikwa, bila ya kusajiliwa popote. Kwa hiyo hata kitini ambacho mwandishi wake angefurahi kukiona kikienea nchi nzima kimefungwa na sheria, maadamu hakuandika neno la ruhusa. Wengi hufunga maarifa yao bila kukusudia, kwa kunyamaza tu.

Leseni na kazi yake

Dawa ya ukimya huo ni leseni. Mwaka 2002 shirika la Creative Commons lilitoa leseni zilizo tayari, ambazo mwandishi huchagua mojawapo na kuitaja katika ukurasa wa kwanza wa kazi yake. Leseni zinazotumika leo ni sita, nazo zimejengwa kwa masharti manne: kumtaja mwandishi; kutofanya biashara; kutobadili; na kugawa kazi mpya kwa masharti yaleyale ya kazi ya awali. Leseni iliyo nyepesi kuliko zote hudai sharti la kwanza tu. Leseni zinazokataza kubadili humruhusu mtu kunakili, lakini wataalamu wengi hawazihesabu kazi hizo kuwa nyenzo huria, kwa kuwa mwalimu hawezi kuzirekebisha.

Ni vema kuona faida ya marekebisho kwa mfano. Chukua kitabu huria cha fizikia kilichoandikwa Marekani, chenye zoezi la treni inayofunga breki katika jimbo fulani la huko. Mwalimu wa Kipawa, ambaye somo lake hukatizwa na mngurumo wa ndege zinazotua, aweza kulibadili zoezi hilo hivi: ndege inagusa ardhi ikiwa na kasi ya mita 70 kwa sekunde, nayo inasimama baada ya kwenda mita 1,750. Kasi yake inapungua kwa kiasi gani kila sekunde? Kwa kanuni ijulikanayo, kipeo cha pili cha kasi ya mwanzo kikigawanywa kwa umbali mara mbili hutoa kiwango cha kupungua kwa kasi. Basi 4,900 kwa 3,500 ni 1.4, yaani kasi inapungua kwa mita 1.4 kwa sekunde katika kila sekunde, na ndege husimama baada ya sekunde 50. Mwanafunzi aweza kusikiliza dirishani na kuhesabu sekunde mwenyewe. Fizikia haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa somo linatokea mahali anapopajua.

Hesabu ya karatasi na hesabu ya baiti

Nyenzo huria hazikuwezekana kwa wingi mpaka gharama ya kunakili iliposhuka karibu na sifuri. Hesabu ifuatayo yaonyesha jinsi ilivyoshuka.

Chukua kitabu cha kurasa 300 na darasa la wanafunzi 40. Ikiwa fotokopi ya ukurasa ni shilingi 50, kila mwanafunzi atahitaji shilingi 15,000, na darasa zima shilingi 600,000. Mwaka unaofuata darasa jipya litalipa tena kiasi hichohicho, na baada ya miaka mitano zitakuwa zimetumika shilingi 3,000,000 kwa kitabu kimoja.

Sasa tazama kitabu hichohicho ndani ya kompyuta. Kompyuta huhifadhi herufi kwa vipimo viitwavyo baiti. Lugha ya Kiswahili ina bahati hapa: herufi zake zote zimo katika orodha ya kawaida ya herufi za Kirumi, bila alama za juu wala za chini, kwa hiyo kila herufi huhitaji baiti moja tu. Ukurasa wenye herufi 2,000 ni baiti 2,000, na kurasa 300 ni baiti 600,000, yaani megabaiti 0.6. Tuseme picha na michoro vinakikuza kitabu mpaka megabaiti 10. Kadi ya kumbukumbu yenye gigabaiti 32, iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, itachukua vitabu vya namna hiyo karibu 3,200. Na anayenakili hamwachi mwenye kitabu bila kitabu, kama vile jirani aliyekuja kuomba kaa la moto asivyouzima moto wa jikoni.

Wapo watakaosema kwamba intaneti ina gharama, na bando huisha kabla ya somo. Ni kweli. Lakini nyenzo huria hazihitaji intaneti kila wakati. Kwa kuwa ruhusa ya kunakili imekwisha kutolewa, chuo kinaweza kuzipakua mara moja na kuziweka katika seva ndogo, kompyuta isiyozidi ukubwa wa kiganja, iliyounganishwa na kifaa cha kusambaza mawimbi. Simu zilizo ndani ya eneo la chuo husoma humo bila bando lolote. Programu kama Kiwix na Kolibri zilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo, nazo ni huria. Kuunganisha seva ya namna hiyo, kuitengeneza inapoharibika na kuiongezea vitabu ni kazi ya ufundi wa kompyuta na elektroniki. Hapa ndipo chuo cha TEHAMA kinapokuwa na nafasi ya pekee: kinachokuwa tatizo kwa vyuo vingine, kwake ni zoezi la vitendo.

Yaliyokwisha kufanyika

Fikra hii haikuletwa yote kutoka ng'ambo. Ni kweli kwamba Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaweka masomo yake mtandaoni kwa wote, na kwamba Chuo Kikuu cha Rice kilianza mwaka 2012 kutoa vitabu vya kiada vya OpenStax. Lakini Dar es Salaam nayo ina historia yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao kutoka Sweden, ulitoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, ambayo maneno yake yote yalikuwa ya Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu programu ya awali ilikuwa huria: hapakuhitajika kumwomba mtu ruhusa ya kuitafsiri. Ilitosha kuwa na wajuzi wa kompyuta na wajuzi wa lugha, wakae meza moja na kukubaliana juu ya istilahi.

Mwaka 2005 ulianzishwa ushirika wa TESSA, uliokusudiwa kuwaandalia walimu wa Afrika kusini mwa Sahara nyenzo huria za mafunzo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilikuwa miongoni mwa washiriki, na nyenzo hizo hupatikana kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili.

Afrika Kusini inatoa funzo jingine. Mwaka 2002 wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town walianza kuandika, kwa kujitolea, vitabu huria vya sayansi kwa shule za sekondari. Kazi hiyo ilikua ikawa vitabu vya Siyavula, na mwaka 2012 serikali ya nchi hiyo ilivichapa vitabu hivyo vya hisabati, fizikia na kemia na kuvigawa katika shule za umma. Kitabu huria, basi, si lazima kiwe cha kompyuta. Chaweza kuwa cha karatasi, kikashikwa mkononi na mtoto asiye na umeme kwao. Tofauti yake ni kwamba serikali hulipia wino na karatasi tu.

Hatimaye, tarehe 25 Novemba 2019, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha Pendekezo juu ya nyenzo huria za elimu. Pendekezo hilo linazihimiza nchi wanachama kuwafunza walimu, kutunga sera, na kuhakikisha kwamba nyenzo zinawafikia watu wote, wakiwamo wenye ulemavu.

Hoja za wanaosita

Hoja ya kwanza ni ya waandishi: wataishi kwa nini kama kazi zao zinagawiwa? Hoja hii ni ya haki na haifai kupuuzwa. Mwandishi wa riwaya, au wa kitabu alichokiandika kwa gharama zake mwenyewe, ana haki ya kukiuza, na hakuna leseni inayoweza kumlazimisha. Lakini vitini vingi vya vyuoni havijapata kuuzwa na mwandishi wake hata kimoja. Mkufunzi alivitunga akiwa kazini, kwa mshahara. Anayepata faida yake leo ni mwenye mashine ya fotokopi. Kwa kazi za namna hiyo leseni huria haimnyang'anyi mwandishi fedha, bali humpa kitu ambacho desa halimpi, yaani jina lake kubaki juu ya kazi yake popote iendapo. Ingefaa vyuo viende mbele zaidi, na kuihesabu kazi huria iliyo bora katika kumpandisha cheo mwandishi wake.

Hoja ya pili ni ya ubora. Kinachotolewa bure, wasema, hakina thamani. Jibu lake ni kwamba ubora wa kitabu hautoki katika bei yake, bali katika macho yaliyokikagua. Desa lenye kosa hunakiliwa pamoja na kosa lake mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa hakuna mwenye mamlaka ya kulisahihisha. Kitini huria chaweza kupitiwa na kamati ya idara, kikasahihishwa, na kila toleo likapewa tarehe. Bila ukaguzi wa namna hiyo, uhuria utaeneza makosa kwa kasi ileile unayoeneza maarifa.

Hoja ya tatu ni ya lugha. Nyenzo nyingi huria zimeandikwa kwa Kiingereza, na chuo kinachozipokea tu kitabaki kuwa msomaji wa kazi za wengine. Hapa yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1971 nchi zinazoendelea zilipatiwa kiambatisho katika Mkataba wa Berne, kinachoziwezesha kuomba leseni za kutafsiri vitabu kwa ajili ya elimu bila ya idhini ya mwenye haki, baada ya muda maalumu kupita. Taratibu zake zilikuwa nzito mno, na ni nchi chache zilizofaidika. Leseni huria imefanya kwa mstari mmoja kile ambacho kiambatisho kile kilishindwa kukifanya kwa kurasa nyingi. Kilichobaki ni kazi ya watafsiri.

Hatua zinazowezekana chuoni

Mabadiliko haya hayahitaji kungoja jengo jipya wala mfadhili. Hatua ya kwanza ni mkufunzi mmoja kuandika chini ya jina lake, katika kitini chake kimoja, leseni aliyoichagua. Ya pili ni mkutubi kuandaa orodha ya nyenzo huria zinazolingana na mtaala, kwani mwalimu mwenye vipindi vingi hana nafasi ya kuzitafuta. Ya tatu ni serikali ya wanafunzi kuuliza, kwa adabu na kwa maandishi, kila kozi ina nyenzo gani zinazopatikana bila gharama, na jibu libandikwe penye ubao wa matangazo. Ya nne ni baraza la chuo kuamua kwamba kila nyenzo itakayotungwa kwa fedha za umma itatolewa kwa leseni huria, isipokuwa pakiwapo sababu maalumu.

Shule za sekondari nazo zimo katika safari hii. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. Kishikwambi kitupu ni kioo tu. Kikijazwa vitabu, michoro na majaribio ya sayansi ambayo mwalimu ana ruhusa ya kuyabadili na kuyagawa, kinakuwa maktaba ya shule nzima.

Neno "kipawa", katika matumizi ya kila siku, ni uwezo aliopawa mtu, nao hauonekani mpaka autumie kwa faida ya wenzake. Maarifa yaliyomo katika vitini vya vyuo vya Dar es Salaam ni mengi na mazuri, nayo yamegharimiwa na wananchi. Mwanafunzi anayesubiri zamu yake kwenye kibanda cha fotokopi amekwisha kuyalipia mara moja kwa kodi ya wazazi wake. Si haki alipe mara ya pili kwa sababu tu hakuna aliyeandika mstari mmoja wa ruhusa.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya kitabu kinachosomwa bure na kitabu kilicho huria?

2. Shule ina wanafunzi 200 na inahitaji kitabu cha kurasa 150. Fotokopi ya ukurasa ikiwa ni shilingi 50, gharama yote ni kiasi gani? Zoezi hilo lirudiwe kwa bei iliyoko mtaani.

3. Chagueni zoezi moja la hisabati au fizikia ambalo mfano wake ni wa nchi nyingine, mkaliandike upya kwa mfano wa mahali mnapoishi bila kubadili kanuni yake.

4. Je, ni kazi zipi za uandishi zisizofaa kutolewa kwa leseni huria? Toeni sababu.